Mpangaji na Kodi ya Nyumba: Mustakabali wa Upangaji Mikakati Katika Kampuni za Matangazo

Mwaka 1968, jijini London, kampuni mbili za matangazo zilianzisha, kila moja kivyake, kazi ambayo haikuwa na jina kabla ya hapo, na ambayo leo huitwa upangaji mikakati. Ya kwanza ilikuwa J. Walter Thompson, kampuni kongwe yenye asili ya Marekani, ambamo Stephen King aliunda idara mpya. Ya pili ilikuwa Boase Massimi Pollitt, iliyozaliwa mwaka huohuo, ambamo Stanley Pollitt aliijenga kampuni nzima kuizunguka kazi hiyo. Leo majina yote mawili yameondoka milangoni. La kwanza liliunganishwa na Wunderman mwaka 2018, kisha mwaka 2023 ikatangazwa kwamba muungano huo utamezwa katika jina la VML. La pili lilinunuliwa na Omnicom, kundi linalomiliki kampuni nyingi za matangazo, mwaka 1989 na kuunganishwa na DDB, mojawapo ya kampuni zake, na DDB yenyewe ikawekwa kwenye orodha ya majina ya kustaafishwa baada ya Omnicom kukamilisha ununuzi wa kundi shindani la Interpublic mwezi Novemba 2025. Kazi yenyewe, hata hivyo, ingali hai, na wanaoifanya wametapakaa kuanzia London na Mumbai hadi Nairobi na Dar es Salaam.

Kiswahili, kwa bahati, kina neno linaloieleza hali ya watu hawa vizuri kuliko lugha ya kule ilikozaliwa kazi yao. Anayepanga mikakati ni mpangaji, na mpangaji, kama ajuavyo kila aliyewahi kuishi Kariakoo au Eastleigh, ni pia mtu aishiye katika nyumba isiyo yake na anayepaswa kulipa kodi kila mwezi. Mjadala mwingi wa siku hizi kuhusu mustakabali wa kazi hii huuliza kama akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wengine, itaweza kuifanya badala ya binadamu. Nadhani swali hilo limeanzia mahali pasipo pake. Tangu mwanzo mpangaji mikakati ameishi katika nyumba ya matangazo bila kulipa kodi yeye mwenyewe. Kodi yake ililipwa kwa utaratibu mwingine, ambao umevunjika hatua kwa hatua kwa takriban miaka 40, na mashine imefika wakati ukuta ulikuwa umekwisha kupasuka.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza ijulikane mpangaji mikakati hufanya nini kutwa nzima, kwa maana hata jamaa zake wa karibu mara nyingi hawawezi kueleza. Kabla yake, tangazo katika kampuni ya kawaida lilipitia mikononi mwa watu wa aina tatu: msimamizi aliyeshughulika na mteja, yaani kampuni yenye bidhaa, wabunifu walioandika maneno na kuchora picha, na watafiti, ambao waliketi chumba cha nyuma wakikusanya takwimu. Msimamizi ndiye aliyeamua ni takwimu zipi zitoke chumbani humo, na mara nyingi zilitoka zile tu zilizounga mkono jambo alilokwisha kumwahidi mteja. Pollitt, aliyekuwa katika kampuni nyingine ya London katikati ya miaka ya 1960, aliiona kasoro hii kwa karibu: taarifa kuhusu wanunuzi zilikuwa zikiongezeka kila mwaka, lakini hazikuwa zikifika kwenye meza ambayo tangazo lilitengenezwa. Dawa yake ilikuwa kumtoa mtafiti chumba cha nyuma, kumketisha sawa na msimamizi, na kumpa jukumu ambalo hakuna mwingine wa kulibeba, nalo ni kuhakikisha kwamba mtu atakayeliona tangazo anasikilizwa linapotengenezwa, si baada ya kurushwa hewani.

King aliufikia mlango huohuo kwa njia nyingine. Yeye alihangaikia zaidi chapa yenyewe kuliko tangazo mojamoja, na aliifundisha idara yake kuuliza maswali matano kwa mfululizo na kurudi kwenye la kwanza kila mzunguko ulipokamilika: tuko wapi, kwa nini tuko hapo, tungeweza kuwa wapi, tutafikaje huko, na je, kweli tunafika? Ni maswali yanayoonekana mepesi hadi mtu ajaribu kulijibu la pili kwa uaminifu mbele ya mwenye bidhaa. Pollitt, kwa upande wake, alihangaikia tangazo. Wapangaji wake walibeba michoro ghafi hadi kwa akina mama wa kawaida wa Uingereza, wakaongoza mazungumzo wao wenyewe bila kumtuma mtu, kisha wakarudi ofisini kuwaeleza wabunifu wenye majina makubwa na subira ndogo kwamba kichekesho walichokitegemea hakikumchekesha mtu. Nitaita sehemu ya kwanza ya kazi hii nusu ya King na ya pili nusu ya Pollitt, kwa sababu, kama itakavyoonekana mbele, hazielekei kwenye hatima moja.

Mwisho wa kazi hii yote ni waraka mfupi ambao ofisini huitwa brifu, na ambao ukiwa mzuri hauzidi ukurasa mmoja. Hueleza tangazo linasema na nani, linamwambia jambo gani moja, na kwa nini mtu huyo aamini. Asiyeijua kazi hudhani ugumu uko katika kuyapata yaliyoandikwa humo. Ugumu uko katika yaliyoachwa, kwa kuwa kila bidhaa ina mambo sita au saba ya kweli yanayoweza kusemwa juu yake, na kila moja lina mtetezi wake ndani ya kampuni ya mteja.

Mfano bora ninaoujua wa kuacha huko haukutoka London. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone zilianza nchini Kenya jaribio la huduma ya fedha kwa simu, zikishirikiana na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Huduma ilikusudiwa kumwezesha mkopaji kurejesha mkopo wake kwa simu, badala ya kwenda kwenye mkutano wa kikundi na noti mfukoni. Washiriki hawakufika 500. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliouongoza mradi, walieleza baadaye kwamba watu hao walipopewa chombo cha kurejesha mikopo walikitumia kwa mambo ambayo hakuna aliyewaagiza. Wapo waliolipana fedha za biashara wao kwa wao. Wapo wenye biashara walioigeuza simu kuwa kasha la usiku, kwa sababu benki zilifungwa mapema kuliko maduka yao. Wapo wasafiri walioweka fedha mji mmoja na kuzitoa mji mwingine saa chache baadaye, wakipita njiani mifuko mitupu, na wapo walionunua muda wa maongezi na kuwatumia jamaa zao wa mashambani. Huduma, ambayo sasa kila mtu anaijua kwa jina la M-Pesa, ilipozinduliwa nchi nzima mwezi Machi 2007, matangazo yake hayakutilia mkazo mikopo wala kasha la usiku. Yalisema, kwa Kiingereza cha Nairobi, jambo moja: tuma pesa nyumbani.

Neno nyumbani hapo linastahili kutazamwa taratibu. Kwa wakazi wengi wa Nairobi nyumbani si pale wanapolala na kulipa kodi, bali ni kule waliko wazazi wao na watakakozikwa. Ni neno lenye deni ndani yake, na kila mwisho wa mwezi deni hilo hukumbushwa kwa simu. Kati ya matumizi yote yaliyoonekana katika jaribio, ambayo yote yalikuwa ya kweli, lilichaguliwa lile moja lililogusa deni hilo, na mengine yakaachwa yajitangaze yenyewe. Huo ndio upangaji mikakati, awe aliyeufanya ana cheo hicho au hana.

Sasa tuje kwenye kodi. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20, kampuni ya matangazo haikulipwa na mteja wake moja kwa moja kwa mawazo iliyoyatoa. Ililipwa kamisheni na vyombo vya habari, na kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 15: mteja akinunua nafasi gazetini kwa shilingi 100,000, gazeti lilipokea 85,000 na 15,000 zikabaki kwa kampuni iliyolileta tangazo. Utaratibu huu ulikuwa na kasoro nyingi, kubwa ikiwa ni kwamba ulimpa mshauri sababu ya kumshauri mteja atumie fedha nyingi zaidi. Lakini ulikuwa na fadhila moja ambayo haisemwi sana. Kwa kuwa fedha zilikuja kwa wingi wa nafasi zilizonunuliwa na si kwa hesabu ya saa, hakuna aliyeuliza mpangaji mikakati alitumia siku ngapi kufikiri, wala kwa nini Pollitt alitaka wapangaji wawe wengi karibu sawa na wasimamizi. Mshahara wao ulifichwa ndani ya asilimia 15, kama mtoto wa ndugu anayelelewa katika nyumba kubwa bila mtu kuhesabu sahani.

Nyumba hiyo ilianza kubomolewa katika miaka ya 1980. Mwaka 1988 Saatchi & Saatchi ilianzisha Zenith, kampuni iliyoshughulika na kununua nafasi na muda wa matangazo peke yake, na makundi mengine yakafuata mkondo huo. Ununuzi ulihama na kamisheni, na kamisheni ikahama na data: ujuzi wa nani anatazama nini, saa ngapi na kwa gharama gani ukaondoka katika jengo alimoketi mpangaji mikakati. Wakati huohuo kampuni zenyewe zilikuwa zikikusanywa katika makapu makubwa ya wawekezaji, na neno kapu hapa si tamathali tu, kwa sababu WPP, iliyoinunua J. Walter Thompson mwaka 1987 na Ogilvy mwaka 1989, ilikuwa awali kiwanda kidogo cha bidhaa za waya, vikapu vya kununulia vitu vikiwamo, kabla Martin Sorrell hajakigeuza kuwa chombo cha kununulia kampuni za matangazo. Kampuni iliyo ndani ya kundi lililoorodheshwa kwenye soko la hisa huulizwa kila robo mwaka ni wafanyakazi wangapi wanaoingiza fedha na wangapi hawaingizi. Msimamizi anaweza kuonyesha mteja wake, mbunifu anaweza kuonyesha tangazo lake. Mpangaji anaonyesha ukurasa mmoja, tena wenye maneno machache kwa makusudi.

Malipo yaliyochukua nafasi ya kamisheni ni ada inayokokotolewa kwa saa, na mzungumzaji wa upande wa mteja si tena mkuu wa masoko peke yake, bali pia afisa wa idara ya ununuzi, ambaye asubuhi hujadili bei ya makatoni na mchana bei ya mkakati. Simlaumu, amepewa mizani moja na kuambiwa apime vitu vyote kwa hiyo. Lakini wazo jema linaweza kuja katika saa ya pili au lisije katika saa ya 200, na ankara inayohesabu saa haina mahali pa kuandika tofauti hiyo. Juu ya hayo, kampuni zenyewe zimezoea kuligawa wazo bure. Mteja anapotangaza kwamba kazi yake inashindaniwa, kampuni nne au tano hukesha wiki kadhaa zikijibu swali gumu kuliko yote, yaani biashara hii ifanye nini, kisha humpa mteja jibu hilo bila malipo kwa matumaini ya kulipwa baadaye kwa kutengeneza filamu na mabango. Kitu kinachotolewa bure mlangoni hakiwezi kuuzwa kwa bei nzuri sebuleni.

Ni katika hali hiyo ndipo akili mnemba imeingia. Sehemu kubwa ya saa za mpangaji kijana hutumika kusoma ripoti za soko, kupitia matangazo ya washindani, kupanga majibu ya hojaji, na kuandika maelezo ya kurasa nyingi ambayo mkubwa wake atayapunguza yawe ukurasa mmoja. Kazi hizo mashine inazifanya kwa kiwango kinachotosha, na kwa kasi isiyoshindika. Tuchukue hesabu ya kubuni tu: kama uchambuzi uliochukua saa 40 sasa unachukua saa 2, na bei ya saa haijabadilika, kampuni inayouza saa imepoteza sehemu 19 kati ya 20 za mapato ya kazi hiyo kwa kosa la kuifanya vizuri zaidi. Hapo ndipo kitisho kilipo. Ujuzi wa mpangaji haujapungua thamani kwa siku moja, bali kizio kilichotumika kuuhesabu ndicho kilichosinyaa.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba hata ukurasa wenyewe hautahitajika. Mwezi Mei 2025 Mark Zuckerberg alieleza matarajio ya Meta kwamba mfanyabiashara ataitajia kampuni hiyo lengo lake, ataunganisha akaunti yake ya benki, na mengine yote, kuanzia picha hadi uchaguzi wa watazamaji na upimaji wa matokeo, yatafanywa na mashine. Kwa duka dogo la nguo ambalo halikuwahi kumudu kampuni ya matangazo, hiyo ni habari njema na sioni sababu ya kuidharau. Lakini itazamwe ile hatua ya kwanza: mfanyabiashara anataja lengo. Mfumo wote unasimama juu ya dhana kwamba lengo limekwisha kujulikana. Kama mwaka 2006 mashine ya namna hiyo ingekuwapo Kenya na kupewa lengo lililoandikwa katika mradi, yaani kuongeza marejesho ya mikopo kwa simu, ingetengeneza matangazo 1,000 ya kurejesha mikopo, ingeyajaribu usiku kucha, ingechagua lililo bora, na kesho yake ingeonyesha mchoro unaopanda. Isingesema hata mara moja kwamba hawa watu hawataki kurejesha mikopo kwa simu kama wanavyotaka kumtumia mama fedha.

Jambo la pili ni kufanana. Mkakati una thamani kwa sababu mshindani hanao. Kampuni mbili zinazouza sabuni zikiiuliza programu ileile swali lilelile, zikitumia ripoti zilezile zinazouzwa kwa kila mtu, zitapata majibu yanayofanana kama mapacha. Kwa kawaida majibu hayo huwa si mabaya, ila ni ya wastani, na wastani ndio mahali ambapo tayari pana msongamano. Nimeanza kuziona brifu za namna hiyo: zimekamilika, hazina kosa la sarufi, kila sehemu imejazwa, na mtu akimaliza kuzisoma hakumbuki hata neno moja.

Kuna pia washiriki wa kubuniwa, na hili linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengi. Badala ya kuwakusanya watu kumi na kuwahoji, baadhi ya kampuni sasa huiagiza programu ijifanye kuwa mama wa miaka 34 mwenye watoto watatu, kisha huyo mama asiyekuwapo ndiye anayehojiwa kuhusu sabuni. Majibu huja kwa dakika, kwa gharama ndogo, na kwa lugha nadhifu. Mashine hiyo, hata hivyo, imejifunza kutokana na maandishi, na maandishi ya Kiswahili yaliyomo kwenye intaneti ni machache yakilinganishwa na ya Kiingereza, tena mengi ni habari za magazeti, maandiko ya dini na tafsiri. Mama wa Mbagala anayenunua mafuta ya kupikia kwa kipimo katika duka la mangi, akayaandikisha kwenye daftari la deni na kulipa Jumamosi, haandiki mapitio ya bidhaa. Kijana wa Kayole anayenunua kadogo na kuzungumza Sheng ambayo mwakani itakuwa imebadilika hajazi hojaji. Malipo mengi ya bidhaa ndogondogo hufanyika taslimu, na sauti nyingi za hukumu juu ya bidhaa hupita katika ujumbe wa sauti na katika foleni ya bomba la maji. Mashine ikiulizwa kuhusu mama huyo haisemi kwamba haimjui. Hujibu kwa Kiswahili sanifu, na unadhifu wa jibu ndio unaomfanya mkubwa wa ofisi aliamini.

Hata pale maandishi yalipojaa, kama Marekani, kasoro hiyo haiishi. Mwaka 1993 kampuni iliyokuja kuitwa Goodby, Silverstein & Partners ya San Francisco ilipewa kazi ya kutangaza maziwa katika jimbo la California, ambako watu walikuwa wakiyanywa kidogo zaidi kila mwaka ingawa kila mtu alikubali kwamba yana faida mwilini. Wapangaji, akiwamo Jon Steel, hawakuuliza watu wanafikiri nini kuhusu maziwa. Waliwaomba baadhi ya watu wakae wiki nzima bila maziwa, kisha wakasikiliza manung'uniko: keki kavu kooni, bakuli la nafaka lisilolika, kahawa iliyoharibika. Tangazo likajengwa juu ya ukosefu, si juu ya afya. Mshiriki wa kubuniwa anaweza kusimulia vizuri sana jinsi mtu anavyojisikia akikosa maziwa, lakini hajapata kuamka asubuhi na kuyakosa, na neno ambalo mtu hulitamka wakati huo mara nyingi si lile lililokwisha kuandikwa na wengine.

Kuhusu ile ahadi ya zamani kwamba teknolojia ingemfuata kila mnunuzi na kufanya uelewa wa watu kuwa anasa, maelezo mafupi yanatosha. Tangu mwaka 2021 Apple imekuwa ikiwauliza wenye simu zake kama wanakubali kufuatiliwa. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaviondoa vidakuzi vya watu wa nje, yaani vijifaili vinavyomfuatilia mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine, katika kivinjari cha Chrome, ikaahirisha mara kadhaa, na mwaka 2024 ikabadili nia. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Ufuatiliaji haujafa, lakini aliyejenga mkakati wake wote juu yake amejenga juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Lenye uzito zaidi ni swali la muda. Les Binet na Peter Field, wakichambua hifadhi ya kazi zilizoshindania tuzo za ufanisi ambazo chama cha kampuni za matangazo cha Uingereza kilianzisha mwaka 1980, walionyesha mwaka 2013 kwamba matangazo yanayoleta mauzo ya haraka na yale yanayojenga chapa kwa miaka hufanya kazi kwa njia tofauti, na kwamba kwa wastani bajeti ilifanya vizuri ilipogawanywa asilimia 60 kwa kujenga na 40 kwa kuuza. Siku hizi 60 kwa 40 hukaririwa kama dua na watu ambao hawajauliza ulikuwa wastani wa nini. Hata hivyo hoja ya msingi ni nzito, nayo inamhusu mpangaji moja kwa moja: mitandao hupima ya leo kwa usahihi wa kutisha na ya mwaka ujao kwa ukungu, kwa hiyo fedha hukimbilia kinachopimika, na mtu pekee katika chumba mwenye sababu ya kutetea kisichopimika bado ndiye yule ambaye mshahara wake ni mgumu kuutetea.

Wapangaji wenyewe wanaonekana kuhama kabla ya kufukuzwa. Wapo waliokwenda kwa wateja, kwenye idara za masoko zinazotaka kumiliki mkakati wao badala ya kuuazima. Wapo waliochukuliwa na kampuni za ushauri wa biashara, ambazo ziliingia mtaani kwa kishindo pale Accenture ilipoinunua kampuni ya matangazo ya Droga5 mwaka 2019. Wapo wanaofanya kazi peke yao, wakiitwa kwa wiki mbili na kulipwa kwa kazi nzima. Afrika Mashariki haiko nje ya upepo huu: Scangroup ya Nairobi, iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi mwaka 2006, imekuwa chini ya umiliki wa walio wengi wa WPP tangu mwaka 2013, kwa hiyo uamuzi wa kupunguza majina na vyeo unaofanyika London hufika Nairobi ukiwa umekwisha kukatwa. Na pale chapa ya kimataifa inapoleta mkakati uliokamilika kutoka nje na kuagiza tu utafsiriwe, mpangaji wa hapa hugeuzwa kuwa mkalimani, kazi ambayo ina heshima yake lakini si ile.

Anayehama hivyo huhama na nusu moja tu. Nusu ya King, yenye maswali makubwa ya chapa na biashara, ina wapangishaji wengi: mteja anaitaka, kampuni ya ushauri inajua kuitoza bei kubwa, na akili mnemba inaisaidia bila kuimaliza. Ndiyo maana wengi wanaotabiri mustakabali wa kazi hii husema mpangaji awe mshauri wa biashara. Nusu ya Pollitt haina pa kwenda. Ile kazi ya kukaa kando ya mbunifu, kwenda na michoro kwa watu, na kurudi na habari mbaya kabla fedha hazijatumika, haiwezi kufanyika ikiwa mpangaji yuko jengo lingine, na hakuna kundi lolote linaloonekana kuililia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nusu iliyo adimu. Maswali ya King yanaweza kuulizwa na mkurugenzi yeyote mwenye akili timamu. Ujasiri wa kumwambia mbunifu hodari kwamba akina mama hawakucheka hupatikana tu kwa mtu aliyekuwapo na kuona nyuso zao.

Suala hili linaungana na lingine ambalo kampuni hazipendi kulizungumza. Mpangaji mahiri wa leo alitengenezwa na kazi za kuchosha za jana: alisoma hojaji 300 kwa mkono, akaendesha mahojiano mabaya hadi akajifunza kunyamaza wakati unaofaa, akaandika kurasa 40 na kuziona zikikatwa. Kazi hizo ndizo zinazopewa mashine kwanza, kwa kuwa ndizo rahisi kupewa, na vijana waliokuwa wakizifanya ndio wanaoacha kuajiriwa. Kampuni inayofanya hivyo haitaona hasara mwaka huu wala mwaka ujao, kwa sababu wakubwa wenye uzoefu bado wapo na sasa wana mashine mkononi. Kwa kundi linalotoa hesabu zake kila robo mwaka, hasara inayokuja baada ya miaka kumi ni sawa na isiyokuja.

Zipo kampuni zinazojaribu kubadili kizio. Baadhi hutoza bei moja kwa mkakati mzima bila kutaja saa, baadhi huomba sehemu ya malipo ifungwe na matokeo ya mauzo, na baadhi hukataa kushindania kazi bila kulipwa. Kila njia ina shimo lake. Bei moja humfanya afisa wa ununuzi aulize kwa nini ukurasa mmoja ni ghali hivyo. Malipo ya matokeo huirudisha kampuni kwenye ya haraka, yanayopimika. Na kukataa mashindano kunawezekana tu kwa mwenye wateja wa kutosha. Iliyo ngumu kuliko zote ni kupata anayekubali kulipia kwenda kuangalia tu, bila ahadi ya kitakachoonekana. Jaribio la Kenya la mwaka 2005, ambalo ndani yake watu wasiofika 500 waliachwa wakitumie chombo walivyopenda huku waliokitengeneza wakitazama, halikulipiwa na bajeti ya matangazo ya mtu yeyote. Vodafone ilichangia sehemu yake, na sehemu nyingine ilikuwa ruzuku ya serikali ya Uingereza.